Mahali pa Magari Kumi na Mawili

Mwambie dereva yeyote wa tuktuk hapa Malindi, "Nipeleke kwenye nguzo," na hatakuuliza nguzo ipi. Atakushusha kule kwenye ncha ya mwamba, kwa Vasco da Gama, upige picha zako huku upepo ukikunyang'anya kofia. Ukitaka nguzo zile nyingine, zile nene za mviringo zilizosimama mbele ya jumba la mfanyabiashara wa Kihindi la mwishoni mwa karne ya 19, itabidi umwambie "miuziam". Jumba lenyewe linaitwa Nyumba ya Nguzo na liko ufuoni, wazi kabisa, lakini wengi wetu tumekua tukilipita kama tunavyoupita mti.

Nimekuwa nikiifikiria hiyo nyumba kwa sababu ya swali ambalo halina ushairi hata kidogo: magari yaegeshwe wapi?

Malindi ya zamani, ile inayouzunguka Msikiti wa Juma na kuendelea hadi Shela, haikupimwa kwa gari. Ilipimwa kwa mabega ya mtu na mzigo wa punda. Sasa pita huko Ijumaa saa saba mchana uone. Probox imeziba kichochoro, bodaboda zimeegemezwa kwenye baraza za watu, na lori la soda limekwama kwenye kona likipiga honi kana kwamba honi itausogeza ukuta. Rafiki yangu mmoja anayeendesha tuktuk aliniambia, nilipoanza hotuba yangu ya majengo ya kale, "Sikiza, historia haiegeshi tuktuk." Nilicheka, lakini ana hoja. Mtu anayelipa pesa za kuegesha kila siku na bado anazunguka dakika ishirini akitafuta nafasi, ukimwambia habari za nakshi za mlango atakuona huna kazi.

Kwa hivyo tuanze na hesabu, tuache mapenzi kando.

Gari dogo likisimama linahitaji kama mita 2.5 kwa 5. Lakini gari haliruki kutoka barabarani hadi mahali pake. Lazima lipate njia ya kuingia, kukata kona na kutoka. Ukijumlisha yote, ni kama mita 25 za mraba kwa kila gari. Sasa chukua nyumba ya mawe, tuseme mita 20 kwa 15. Ni mita 300 za mraba. Ivunje, ondoa kifusi, mwaga kokoto. Umepata nafasi ya magari 12. Kumi na mawili! Ijumaa inayofuata gari la kumi na tatu litakuja na kuanza kupiga honi, na nyumba haitarudi.

Hiyo ndiyo hesabu ya mji. Hesabu ya mwenye nyumba ni nyingine kabisa, na huko ndiko shida iliko.

Nyumba ya mawe ya pwani haiuawi na tingatinga. Tingatinga huja mazishini. Ukuta wake ni matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na chokaa yenyewe ni matumbawe hayohayo yaliyochomwa kwenye tanuri. Dari hubebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti hazina urefu wa kutosha, vyumba huwa virefu na vyembamba, upana mita mbili na nusu hivi au tatu. Ukuta wa namna hii unapumua. Unyevu unaingia na kutoka. Akija fundi wa siku hizi akaupiga plasta ya saruji, anauziba pua: maji na chumvi vinabaki ndani, baada ya miaka kadhaa plasta inabambuka, na ukigusa tumbawe nyuma yake limekuwa unga. Watu wanasema nyumba imezeeka.

Halafu paa linavuja mahali pamoja. Boriti moja inaoza, inakatika, inaondoka na kipande cha sakafu ya juu. Wapangaji wanahama. Wavulana wanaingia usiku kuvuta sigara, mchana mtu anakuja kung'oa mlango wa nakshi auze. Masika mawili yakipita, ukuta wa upande wa bahari unalala chini wenyewe. Hapo inakuwa gofu, na gofu linaogopwa, kwa haki kabisa, maana linaweza kumwangukia mtoto. Linavunjwa kwa sababu ya usalama. Linazungushiwa mabati. Na siku moja unapita unakuta mabati yamefunguliwa upande mmoja na kijana ameketi kwenye stuli na kitabu cha risiti.

Mbona mwenyewe hakutengeneza? Kwa sababu mara nyingi "mwenyewe" hayuko. Kuna warithi. Mzee aliacha watoto saba, watoto wameacha wajukuu, na kwa mirathi kila mmoja ana fungu lake: huyu yuko Mombasa, yule Muscat, mwingine Toronto. Kutengeneza paa kunataka wote watoe pesa kwa pamoja, leo. Kuegesha magari kunataka wote wapokee pesa, kila mwezi, na haihitaji mtu kununua hata msumari. Wewe ungechagua nini? Babu zetu walilijua hili tatizo ndiyo maana wengine waliweka nyumba wakfu, isiuzwe wala isigawanywe. Lakini wakfu nao unataka msimamizi, na msimamizi naye anataka pesa za chokaa.

Nikisema hivi naonekana kama nazungumzia jambo la Malindi peke yake. Kenya imewahi kulipigania hili waziwazi, katikati ya Nairobi, na aliyeanzisha kisa chenyewe alitia nanga hapa pwani kwanza.

Alibhai Mulla Jeevanjee alitoka Karachi, akafanya biashara Mombasa, akapata kandarasi wakati reli ya Uganda inajengwa. Gazeti tunaloliita leo The Standard alilianzisha yeye, Mombasa, mwanzoni mwa karne ya 20, likiitwa African Standard. Baadaye akawa mtu wa kwanza asiye Mzungu kuingia Baraza la Kutunga Sheria la koloni. Mwaka 1906 aliwapa watu wa Nairobi bustani, na ndani yake akasimamisha sanamu ya Malkia Victoria. Bustani ni ile ile Jeevanjee Gardens, ambapo mchana mhubiri anapiga kelele upande mmoja na wabishi wa siasa wanajipangia bunge lao upande wa pili.

Mwaka 1991 kukatokea mpango wa kujenga hapo jengo la ghorofa la kuegesha magari. Fikiria mwaka wenyewe. Miaka miwili tu ilikuwa imepita tangu Wangari Maathai asimame kuzuia ghorofa 60 kwenye Uhuru Park, akatukanwa hadi bungeni. Chama kilikuwa kimoja hadi Desemba. Kupinga maegesho ya magari wakati huo hakukuwa kazi ya wapenda maua. Aliyeongoza kampeni ya kupinga alikuwa Zarina Patel, mjukuu wa Jeevanjee. Na jambo lililompa nguvu, kwa maoni yangu, halikuwa uzuri wa bustani, maana bustani haikuwa nzuri sana. Aliweza kusema: hii ilitolewa, na nani, lini, kwa akina nani. Bustani ilikuwa na maelezo yake. Mpango ukashindwa, na mwaka 1997 akachapisha wasifu wa babu yake, maelezo hayo yakawa kitabu.

Malkia mwenyewe hakubahatika. Mwaka 2015 sanamu yake ilikatwa kichwa. Bustani ikaendelea kukaliwa na watu wale wale, wakila mihogo pembeni ya malkia asiye na kichwa. Nalipenda hilo. Lina jibu la swali ambalo nitalifikia.

Kabla ya hapo, safari fupi ya Marekani, kwa wale wanaoamini kwamba gari ndilo mwisho wa mjadala. Detroit, mji wa magari wenyewe, ulikuwa na jumba la sinema na maonyesho liitwalo Michigan Theatre, lililofunguliwa 1926, lenye dari la mapambo ya kifalme. Biashara ya sinema ikafa katikati ya miaka ya 1970. Jengo la ofisi lililoungana nalo lilihitaji maegesho, wapangaji wasije wakahama. Ukumbi haukuweza kuvunjwa wote kwa sababu ulikuwa umeshikana na jengo hilo, basi wakautoboa ndani na kuweka sakafu za magari. Leo magari yanaegeshwa chini ya mapambo yaliyobanduka. Kama umetazama filamu ya 8 Mile ya Eminem umeuona. Na mahali hapo hapo, kabla ya jumba la sinema, ndipo Henry Ford alipoundia gari lake la kwanza mwaka 1896. Gari lilizaliwa hapo, likaondoka, likarudi na kuikalia nyumba. Mtunzi wa hadithi angeleta hicho kisa kwa mhariri angeambiwa apunguze chumvi.

Turudi nyumbani. Fungua Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, pale majukumu yanapogawanywa. Kaunti zimepewa barabara za kaunti, taa za barabarani, trafiki na maegesho. Maegesho yametajwa kwa jina kabisa. Serikali ya kitaifa imepewa minara na majengo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa. Kwa hivyo nyumba ya kale ya Malindi ikiwa kwenye orodha ya taifa, inalindwa na watu wa Makumbusho ya Kitaifa, ambao bosi wao yuko Nairobi. Na barabara iliyo mbele ya mlango wake, pamoja na gari lililoegemea baraza yake, ni mambo ya Kilifi. Ikiwa haiko kwenye orodha, basi iko kwa warithi na Mungu. Sisemi kuna mtu mbaya hapa. Nasema kwamba maegesho yana karani, yana risiti, yana bajeti inayoyatarajia mwisho wa mwezi. Ukuta wa matumbawe hauna karani.

Ukilitazama hivyo, unaanza kuelewa kwa nini Nyumba ya Nguzo bado imesimama. Haikuokolewa na nguzo zake. Iliokolewa na wapangaji. Baada ya mfanyabiashara iliwahi kuwa hospitali. Ikawa ya idara ya uvuvi. Ikawa ofisi ya wanyamapori. Ndipo ikafika kwa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, na miaka ya mwanzo ya 2000 ikafunguliwa kama makumbusho. Kila mpangaji alikuwa na sababu ya kuziba tundu la paa, hata kama sababu yenyewe ilikuwa faili zisilowe. Leo ndani yake kuna samaki wa ajabu, silakanti, aina ambayo wanasayansi waliwahi kudhani imetoweka zamani za dinosaria, aliyevuliwa kwenye bahari yetu hii mwaka 2001. Nyumba iliyokuwa ya idara ya uvuvi imeishia kumtunza samaki maarufu kuliko wote. Sikupanga mimi.

Lakini nisidanganye kwamba kukaliwa kunatosha. Beit al-Ajaib ya Zanzibar, iliyojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883, ilikuwa na kila kitu: jina, watalii, makumbusho ndani, na Mji Mkongwe wote uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2000. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya mbele ikaporomoka mchana kweupe wakati kazi ya ukarabati ikiendelea, na watu wakafa. Cheti cha dunia hakishiki boriti.

Sasa lile swali. Niliulizwa na binamu yangu, kijana wa Ganze, na sikuwa na jibu la haraka: "Hizo nyumba ni za nani hata mimi nizililie?"

Ni swali halali. Tazama kilichohifadhiwa Malindi: nguzo ya Mreno, kanisa dogo la Mreno, jumba la tajiri, ofisi ya zamani ya DC. Ukiitazama orodha hiyo kama mgeni utadhani hakuna Mgiriama aliyewahi kuishi hapa. Na mji wa mawe wenyewe ulitoka wapi? Krapf alipofika Malindi mwaka 1845 alikuta magofu na vichaka. Mji ulifufuliwa mwaka 1861 na Sultan Majid wa Zanzibar, na uliofufuliwa ulikuwa mji wa mashamba: mtama na ufuta vikilimwa kwa jasho la watumwa, vikipakiwa majahazini kwenda Uarabuni. Hapo ulipo Msikiti wa Juma ndipo watu walipouzwa kila wiki hadi 1873. Mwaka huohuo wa 1873, nahodha wa meli ya kivita ya Kiingereza aliijengea nguzo ya Vasco da Gama ile koni nyeupe inayoitegemeza hadi leo, na Barghash kule Zanzibar akatia sahihi mkataba wa kuyafunga masoko ya watumwa. Jiwe la Mreno lilipata fundi. Waliotoroka mashambani kwenda kujificha Fuladoyo hawakujengewa koni na mtu.

Kwa hivyo ndiyo, sheria inayolinda mawe huwapendelea waliokuwa na mawe. Nilimwambia binamu yangu hivyo. Lakini nikamwambia pia atazame kuta zile kwa makini. Ufuta ndio uliozilipia, na tunajua nani aliupalilia. Ukiivunja nyumba ukaweka kokoto, tajiri hapotezi kitu, alishakufa na wajukuu wake wanagawana risiti. Anayepoteza ni yule asiye na karatasi yoyote inayosema alikuwa hapa, ambaye ushahidi wake pekee ni huo ukuta. Nyumba inaweza kubaki bila sisi kumpigia saluti aliyeijenga, kama Nairobi walivyobaki na bustani bila kichwa cha malkia.

Na Wamijikenda wenyewe hawahitaji kufundishwa kuhifadhi. Kaya zilianza kuwekwa kwenye gazeti rasmi la serikali mwaka 1992, na mwaka 2008 zikaingia kwenye orodha ya urithi wa dunia. Ndani ya kaya hakuna jumba. Kuna msitu, njia, mahali pa makaburi, na wazee wanaojua nani haruhusiwi kuingia na viatu. Misitu hiyo ilimegwa na watu wa viwanja kabla ya karatasi kuja, na bado inawindwa, lakini iliyobaki ilibaki kwa sababu kila siku kulikuwa na mtu wa kuuliza, "Wewe unatafuta nini hapa?" Kichochoro cha Shela kinahitaji mzee wa namna hiyo, hata akiwa na miaka 24.

Magari? Kuna mji wa jirani uliolitatua bila fujo. Ukienda Lamu kwa gari, gari linaishia Mokowe, bara, wewe unapanda boti. Najua, Lamu ni kisiwa na Malindi si kisiwa. Lakini hakuna bahari inayohitajika ili kuegesha gari nje ya vichochoro, penye uwanja mpana ambao hauui nyumba ya mtu, kisha mtu akamalizia kwa miguu au kwa tuktuk. Rafiki yangu dereva alipoisikia hiyo sehemu ya mwisho, ghafla alikuwa mpenzi wa historia.

Karatasi nayo ipo, na si ngumu kama tunavyodhani. Chini ya Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Urithi ya 2006, waziri anaweza kutangaza jengo kuwa la kulindwa kupitia gazeti rasmi la serikali, na tangazo linatoa miezi miwili ya watu kuleta pingamizi. Ili waziri atangaze, lazima mtu awe amelipeleka hilo jengo mbele: picha za zamani, hati ya ardhi, jina la fundi kama linakumbukwa, sauti ya bibi iliyorekodiwa kwa simu akieleza nani aliishi chumba kipi na nani alilala jikoni. Na tusisahau kwamba mahakama ya Malindi ina uzoefu: tarehe 30 Aprili 2018, Mahakama Kuu papa hapa iliamua kesi ya watu wa Lamu kuhusu bandari ya LAPSSET, ikakubali kwamba haki yao ya utamaduni ilikuwa imeguswa, na kuamuru wavuvi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Wavuvi walikuja na kumbukumbu zao.

Wiki hizi nimekuwa nikizunguka mtaa wa zamani na daftari, nikiandika nyumba moja moja: ina ghorofa ngapi, plasta ni ya chokaa au saruji, mlango upo au umeuzwa, nani ana ufunguo. Magofu nayaandika pia, kwa heshima. Lakini kama kuna mtu anataka kusaidia, ana kamera na Jumamosi moja ya bure, mimi ningesema tuanze na zile ambazo bado zina paa.